Usiku wenye mafaili 36

Prof hakupandisha sauti. Alisimama nyuma ya kiti changu, akainama kidogo kutazama kioo cha kompyuta, kisha akasema kwa upole ule unaoniogopesha kuliko kelele: "Nipatie rekodi za kando ya mto, za usiku usio na mvua, zile tu ambazo mmeshazikagua. Nazihitaji kabla ya kikao." Kikao kilikuwa saa 8 mchana. Nikajibu "sawa Prof" kama mtu anayejua anachosema. Majibu nilimpelekea siku ya nne, na hayakuwa sahihi.

Anayeona siku nne ni nyingi kwa kazi ya kutafuta mafaili, ngoja nimpigie hesabu. Sisi tunachunguza popo kwa kuwasikiliza. Sikio la binadamu linaishia kwenye mlio wa karibu kHz 20, na popo wengi huita juu ya hapo, kwa hiyo tunatega vinasa sauti vinavyochukua sampuli 384,000 kwa sekunde. Kila sampuli ni baiti 2, hivyo dakika moja ya sauti inakula MB 46. Kila baada ya dakika 5 kinasa kinaamka, kinarekodi dakika 1, kinalala tena, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Hayo ni mafaili 144 kwa usiku mmoja. Vinasa viko 12. Msimu mmoja wa usiku 30 unatuachia mafaili 51,840, karibu TB 2.4, na hapo sijagusa picha za mimea, vipimo vya joto, wala kurasa za daftari la uwandani zilizopigwa picha kwa simu.

Yote hayo yalikuwa kwenye wingu, na yalikuwa yamepangwa. Hilo ndilo lililoniuma. Hatukuwa watu wa fujo. Tulikuwa na folda ya kila kifaa, ndani yake folda ya kila mwezi, ndani yake folda ya kila tarehe. Ukitaka kujua kifaa cha 7 kilirekodi nini tarehe fulani, unabofya mara tatu umefika. Lakini Prof hakuuliza hivyo. Aliuliza mto, mvua na ukaguzi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na folda. Mto ulikuwa kichwani mwa Mzee anayetutegea vinasa. Mvua ilikuwa kwenye daftari lake. Ukaguzi ulikuwa kwenye jedwali la kaka yetu wa takwimu, tena kwa rangi: seli ya kijani amekagua, ya njano amekagua nusu, ya pinki hakumbuki alimaanisha nini.

Ukipanga kwa folda unakuwa umeshaamua ni swali lipi litaulizwa kwanza, lipi la pili, lipi la tatu. Swali likija kwa mpangilio mwingine, unabaki kufungua na kufunga.

Na kosa letu jingine lilikuwa limejificha humohumo kwenye majina ya folda. Tulidhani kifaa na mahali ni kitu kimoja. Wiki ya pili kifaa cha 7 kiliingia maji, Mzee akaking'oa, akaweka cha 11 mahali pake, na cha 7 kilipokauka kikapelekwa kwenye mdomo wa pango. Folda iliendelea kuitwa Kifaa7 kana kwamba hakuna kilichotokea. Nusu ya kwanza ya folda hiyo ni mto, nusu ya pili ni pango. Majibu niliyompelekea Prof yalikuwa na popo wa pangoni wanaoimba kando ya mto.

Baada ya aibu hiyo nikaanza kusoma jinsi hifadhi hizi zinavyofanya kazi kwa ndani, jambo ambalo ningelifanya mwaka mmoja kabla. Nililokutana nalo kwanza lilinichekesha. Kwenye hifadhi ya aina ya baketi, yaani chombo kimoja kikubwa cha wingu unachotupia mafaili yako, mfano baketi za kawaida za S3 ya Amazon iliyoanza 2006, folda hazipo. Kinachohifadhiwa ni kitu kimoja chenye jina refu, na ule mkwaju (/) unaouona kati ya "Kifaa7" na "Machi" ni herufi tu ndani ya jina. Kioo ndicho kinachokuchorea folda ili usijisikie umepotea. Muda wote ule nilikuwa nagombana na watu kuhusu mpangilio wa folda ambazo ni mchoro.

La pili halikunichekesha. Kwa kuwa kitu kinajulikana kwa jina lake, ukipakia kingine chenye jina lilelile kwenye baketi ileile, na hukuwasha utunzaji wa matoleo, kipya kinakaa juu ya cha zamani. Hakuna swali la "una uhakika?". Sasa tazama majina ya mafaili yetu. Vinasa vyote 12 vimewekewa ratiba moja na vyote huita faili kwa tarehe na saa. Dakika ileile, vinasa 12, majina 12 yanayofanana herufi kwa herufi: 20240312_161500.WAV. Mdogo wetu wa mwaka wa pili alikuwa na kadi tatu za kumbukumbu mezani. Akazikusanya kwenye folda moja ya kompyuta ili "apakie kwa mkupuo". Kompyuta ikaongeza (1) na (2) kwenye majina yaliyogongana, akaona imekwisha, akapakia. Hakupoteza hata faili moja, kwa bahati, lakini hakuna aliyejua tena lipi ni la kinasa kipi.

Tuliokolewa na kitu kidogo ambacho napenda kila mtu anayefanya kazi na sauti akijue. Faili la WAV lina kichwa kabla ya sauti yenyewe. Ukilifungua kwa programu ya kuonyesha baiti, herufi nne za kwanza ni RIFF, mbele kidogo utaona WAVE, kisha vipimo vya sauti. Humo kinasa kinaweza kuandika maneno yake, na vya kwetu huandika: saa ya kurekodi, namba ya kifaa, hali ya betri, hata joto. Kwa hiyo yale mafaili yenye (1) na (2) yalikuwa yamebeba vitambulisho vyao matumboni siku zote. Kaka wa takwimu aliandika skripti, programu fupi, ikavisoma vyote kabla hata hajamaliza soda yake. Mdogo wetu alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kuomba radhi. Tukamwambia aiweke, huenda akaihitaji siku nyingine.

Basi tukaamua kutumia lebo. Wengine huziita tagi, sawa tu. Kwenye majukwaa mengi lebo ni jozi ya maneno mawili unayoibandika kwenye faili bila kuligusa faili lenyewe: upande mmoja jina la sifa, upande wa pili thamani yake. Kituo, mto-1. Mvua, hapana. Faili moja linabeba jozi kadhaa, kwa hiyo linapatikana kwa mto, kwa mvua na kwa kifaa bila kuhamishwa wala kunakiliwa.

Nikatangaza kwenye kundi letu: "Ndugu zangu, kuanzia leo kila mtu aweke lebo kwenye mafaili anayopakia." Nilijiona nimemaliza kazi.

Baada ya wiki tatu nikavuta orodha ya lebo zote. Zilikuwa 214. Kulikuwa na popo, Popo, POPO, popo-mtoni, mtoni, Mto, mto1, mto_1 na mto 1 yenye nafasi katikati. Kulikuwa na muhimu, muhimu sana, na angalia hii, iliyobandikwa na mtu ambaye hakumbuki tuangalie nini. Kulikuwa na safi. Kwa kaka wa takwimu, safi ni rekodi isiyo na kelele za upepo. Kwa mdogo wetu, safi ni kadi iliyofutwa tayari kutumika tena. Fikiria mtu wa pili anasoma lebo ya mtu wa kwanza halafu anafuta.

Mfumo hausaidii hapo. Kwenye S3 na kwingineko lebo hutofautisha herufi kubwa na ndogo, kwa hiyo mto na Mto ni majirani wasiojuana. Na jukwaa halina habari kama neno lako lina maana. Linapokea.

Kuna wakati watu walisifu sana utaratibu huu wa kila mtu kubandika neno lake. Mwaka 2004 Thomas Vander Wal aliubatizia jina kabisa, folksonomy, zama ambazo watu walikuwa wakiweka lebo kwenye viungo na picha mtandaoni kwa wingi. Na kwa umati mkubwa unafanya kazi: watu elfu wakiandika "machweo" kwenye picha, yule mmoja aliyeandika "machewo" anamezwa. Sisi tuko watano. Kwa watu watano, anayekosea ni asilimia 20 ya jamii.

Kwa hiyo tukakaa. Mimi, Prof, kaka wa takwimu, mdogo wetu, na Mzee, ambaye mwanzoni hakualikwa kwa sababu "yeye si mtu wa kompyuta", na ambaye ndiye aliyeishia kuongoza kikao. Amazon inakuwekea kikomo cha lebo 10 kwa kila kitu, Azure, wingu la Microsoft, nayo ni 10 kwa lebo zake za faharasa. Nilipoisoma namba hiyo mara ya kwanza nilinung'unika. Mezani ikawa rehema. Kila mtu alikuja na orodha yake ya mambo 20, na kikomo kikatufanya tuulizane jambo moja tu: nani atawahi kutafuta kwa neno hili? Joto la usiku lilikatwa, kwani limo kwenye kichwa cha faili. Saa ikakatwa, imo kwenye jina. Spishi tuligombania dakika 40. Mdogo wetu alitaka kila faili liwe na jina la popo aliyesikika, Prof akauliza, "Na wakisikika wanne?" Faili moja, jina moja la sifa, thamani moja. Spishi zikahamia kwenye jedwali lake lenyewe, mstari mmoja kwa kila mlio.

Tukabaki na sita: kituo, kifaa, usiku, mvua, hatua, ruhusa. Zote herufi ndogo, hakuna nafasi, kistari cha kawaida tu. Na kila moja na orodha yake ya thamani zinazokubalika, imeandikwa kwenye ukurasa mmoja. Mvua ina thamani tatu: ndiyo, hapana, haijulikani. Hiyo ya tatu niliipigania. Ukiacha mahali patupu, baada ya miezi sita hakuna anayejua kama mvua haikunyesha au mtu hakuandika, na binadamu hujaza patupu kwa kile anachokitamani.

Nilidhani usiku ndiyo ingekuwa rahisi kuliko zote. Ilituchukua saa nzima.

Nikasema, kwa kujiamini, usiku utaandikwa kwa mtindo wa ISO 8601, mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, 2024-03-12, ili ukipanga kwa alfabeti upangike pia kwa wakati. Wote wakakubali. Mzee akanyoosha mkono. "Mwanangu, huo ni usiku upi?"

"Wa tarehe 12, Mzee. Jumanne."

"Jumanne usiku, au usiku wa Jumanne?"

Nikanyamaza. Maana ni kweli. Ukisema Jumanne usiku, jua limezama Jumanne. Ukisema usiku wa Jumanne kwa mdomo wa mtu wa umri wake, ni usiku wa kuamkia Jumanne, jua lilizama Jumatatu. Daftari lake lote, kurasa 60 na ushee, limeandikwa hivyo. Aliandika "usiku wa 13, mvua kubwa" akimaanisha usiku wa kuamkia tarehe 13, yaani ule ambao mimi kwenye jedwali nauita wa 12. Mvua yote ya msimu mzima niliyokuwa nimeihamisha kutoka daftarini ilikuwa imebandikwa kwenye usiku wa jirani.

Kaka wa takwimu, ambaye huwa haongei, akasema taratibu: "Kuna tatizo jingine." Akafungua kompyuta yake.

Vinasa vyetu saa zake zimewekwa UTC, saa ya kimataifa. Huku tuko saa tatu mbele. Kwa hiyo Mzee akiandika saa 1 na robo usiku, simu ya mdogo wetu inaandika 19:15, na kinasa kinaandika 161500, na hao wote watatu wanasema kweli. Hilo tulilijua. Tusilolifikiria ni kwamba tarehe ya kinasa haibadiliki usiku wa manane wetu, inabadilika saa 9 usiku, wakati UTC inapogonga 00:00. Usiku wetu wa mafaili 144 unakatika vipande viwili: 108 yenye tarehe ya leo, 36 yenye tarehe ya kesho. Na mdogo wetu, alipopanga folda za tarehe, alifuata tarehe iliyo kwenye jina la faili, kama ambavyo mimi mwenyewe nilimwelekeza.

Uzuri wa kosa hili, kama kosa laweza kuwa na uzuri, ni kwamba halionekani. Chukua folda yoyote ya katikati ya msimu. Ina mafaili 36 ya alfajiri, mkia wa usiku uliopita, na 108 ya jioni, kichwa cha usiku unaofuata. Jumla 144. Ukihesabu, imetimia. Nilikuwa nahesabu kila wiki na kila wiki imetimia, napiga vema naenda zangu. Kumbe kila "usiku" wangu ulikuwa mkia wa mmoja na kichwa cha mwingine. Ni pembeni tu ndiko ilikovuja: folda ya kwanza ya kila kinasa ina 108, ya mwisho ina 36. Nilikuwa nimeiona ile ya 36. Nimeiona mara 12, kwa vinasa 12. Niliandika pembeni, kwa mkono wangu: "betri?"

Mzee aliuliza kama anaweza kupata maji ya kunywa.

Tulikubaliana hivi. Lebo ya usiku ni tarehe ambayo jua lilizama, kwa saa za hapa tulipo, na mafaili yote hadi mapambazuko yanabeba tarehe hiyohiyo hata kama jina linasema nyingine. Majina ya mafaili hatuyagusi, kilichoandikwa na kinasa kibaki kama kilivyo. Na daftari la Mzee halibadiliki. Nilitaka kumwomba aanze kuandika kwa mtindo wetu, Prof akanikataza, akasema mtu aliyeandika kwa namna moja miaka yote ukimbadilisha leo utapata mwezi mmoja wa makosa usioweza kuyakamata. Sisi ndio tutakaotoa siku moja tunapohamisha. Imeandikwa kwenye ule ukurasa mmoja, kwa herufi nzito.

Hatubandiki lebo kwa mkono tena. Kuna jedwali la CSV, yaani la maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila faili, na skripti inayosoma jedwali na kubandika kile kilichomo, ikikataa thamani yoyote isiyo kwenye orodha. Ukiandika Mto-1 inakurudishia. Mdogo wetu aliilalamikia siku mbili, siku ya tatu nikamsikia akimwelekeza mwenzake kwa ukali kunizidi.

Jedwali lenyewe nimelitunza kuliko lebo, na nina sababu. Lebo zinaishi kwenye jukwaa. Hazimo ndani ya faili. Tuliwapa washirika wetu diski yenye mafaili ya mwezi mmoja, wakaipokea, wakatuuliza: "Mvua iko wapi?" Ukipakua faili unapata sauti na jina. Mvua, kituo, hatua, vyote vimebaki kule juu. Sasa diski yoyote inayotoka inabeba jedwali lake. Na kwa kuwa majina yanafanana na watu hubadilisha majina, kila mstari una alama ya SHA-256 ya faili, ile herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo. Liite faili utakavyo, lihamishe utakako, alama haibadiliki mpaka yaliyomo yabadilike. Safu hiyo ndefu yenye sura mbaya ndiyo imenipa usingizi.

Halafu msidhani ukishabandika lebo basi unaweza kuzitafuta popote. Azure inakuruhusu kuuliza moja kwa moja "nipe vyote vyenye mvua=hapana". S3 ilizijenga lebo zake zaidi kwa ajili ya ruhusa na kanuni za muda, na mtu wa kutafuta anahitaji orodha ya pembeni. Sababu nyingine ya kulipenda jedwali.

Kanuni za muda zenyewe zilitupiga mara moja. Tuliweka kanuni kwamba chochote chenye hatua=ghafi, yaani ambacho hakijakaguliwa, kikifikisha siku 90 kihamie hifadhi baridi, ile ya bei nafuu ambayo ukikitaka kitu chako unaomba na kusubiri. Wazo zuri. Ila kaka wa takwimu alikuwa anakagua mafaili na kuandika kijani chake kwenye jedwali lake la zamani, bila kubadilisha lebo kuwa imekaguliwa. Mafaili aliyokuwa akiyafanyia kazi wiki hiyo yakaenda kulala. Tukayaomba, tukasubiri karibu nusu siku, yeye akiwa amekaa kwenye kiti chake amekunja mikono kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Rangi za jedwali alizifuta jioni ileile.

Kuhusu ruhusa sitaki kusema mengi, ila hili: lebo si mahali pa siri. Zinaweza kuonekana kwa watu ambao hawana hata ruhusa ya kufungua faili, na Amazon yenyewe huonya watu wasiweke humo taarifa binafsi. Katika zile lebo 214 nilikuta namba ya simu ya mwenye shamba tunalopitia. Aliyeiweka alikuwa na nia njema, alitaka isipotee. Na pango letu lina jina la kificho sasa, pango-a, kwa sababu mahali wanapolala popo wengi hapatakiwi kujulikana na kila mtu. Viwianishi vyake viko kwenye faili tofauti lenye ufunguo wake.

Kubandika upya msimu mzima kulituchukua wiki mbili, na sehemu kubwa haikuwa kompyuta. Ilikuwa mimi na Mzee na daftari, yeye akisoma, mimi nikiandika, kila mstari nikirudia kwa sauti: "Usiku wa 13, kwangu 12." Kwenye kurasa mbili wino ulikuwa umelowa. Hizo zikawa haijulikani.

Wiki iliyopita Prof akarudi nyuma ya kiti changu. Swali lilelile, ila sasa alitaka na pango. Niliandika mstari mmoja, majibu yakaja kabla hajamaliza kuvuta kiti. Usiku wa mtoni usio na mvua, uliokaguliwa, ulikuwa 9. Mingine miwili ilikuwa na haijulikani. Prof akaitazama ile miwili, akauliza kama hakuna namna.

Nikapiga simu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za popo?"

"Nzuri. Mzee, samahani kukusumbua, ule ukurasa uliolowa. Usiku wa tarehe 19, mtoni, unakumbuka kama mvua ilinyesha?"

Kimya kidogo. Nilisikia karatasi zikifunuliwa.

"Usiku wako au usiku wangu?"

"Wangu."

"Basi wangu ni wa 20," akasema. "Ngoja nivae miwani."